Matumbo ya Samaki wa Mume Wangu

Mume wangu hajui kupara samaki. Naanza na hilo kwa sababu Waswahili wengi wa Dallas na Houston wanaopenda kuvua wanaamini anajua, tena anajua kuliko wao wote. Nimewahi kusimamishwa kwenye harusi na mtu nisiyemfahamu, akaniambia nina bahati ya kuolewa na mwanaume anayemsoma samaki kuanzia ndani. Nikatabasamu. Miaka ile nilitabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Mimi ni wa Musoma. Mama yangu alinipa kisu na sato wa kwanza kabla sijaanza shule, akasimama nyuma yangu kuhakikisha sipasui nyongo. Mume wangu ni wa Dodoma, na katika utoto wake samaki alifika akiwa mkavu, amefungwa kwenye gazeti. Tulipokuwa wachumba nilimtania sana kwa jambo hilo. Alikuwa anakula sangara kwa woga, akiutafuta mwiba kwa ulimi kama mtu anayetafuta jino lililong'oka, nami nilicheka, naye alicheka, na nadhani ndiyo sababu tulioana.

Houston ikatunyang'anya kicheko. Tulipanga nyumba Alief, upande mmoja wa Houston, mimi nikiwa nesi wa chumba cha upasuaji, yeye akikaa mbele ya kompyuta kwenye ofisi ya mambo ya mafuta. Mwaka 2017 yalipokuja yale mafuriko makubwa ya kimbunga, gari letu moja lilikwenda na maji, na kuanzia hapo tukawa watu wa zamu. Mimi naingia, yeye anatoka. Tukikutana mlangoni tunaongea habari za watoto, bima na nani anapita dukani. Watoto wenyewe walikuwa wanajibu kwa Kiingereza, tena kutoka chumba kingine. Nilikuwa na watu watatu ndani ya nyumba na hakuna wa kupiga naye soga. Kama kuna kitu nilikitaka wakati ule, nakisema wazi: nilitaka mume wangu arudi kuwa mtu wa kuongea na mimi.

Mwanzoni mwa 2018 akapata marafiki wa kuvua. Walikuwa Watanzania wachache na Wakenya wachache, na kiongozi wao alikuwa Mkenya mmoja, nesi kama mimi, mwenye boti. Jumamosi alfajiri walikuwa wanakwenda Ziwa Conroe kumtafuta samaki mmoja tu ambaye Texas nzima imerukwa na akili juu yake. Wenyewe wanamwita bass, sisi tukamwita besi. Ana rangi ya kijani ya tope na mdomo unaoweza kumeza ngumi ya mtoto. Havuliwi kwa wavu wala kwa kipande cha unga kwenye ndoana. Anavuliwa kwa chambo bandia, vijisamaki na minyoo ya plastiki ya kila rangi, na ufundi wote uko katika kujua ni kipi umrushie, wapi, na ukivute kwa mwendo gani. Wazungu wakimpata wanapiga picha na kumrudisha majini. Wa kwetu walimrudisha nyumbani.

Yaani kwangu. Mume wangu alikuwa anaingia saa nane mchana, ananuka ziwa, anaweka samaki kwenye sinki na kwenda kuoga. Hakuniuliza kama nina nafasi. Katika kundi lile ndivyo ilivyokuwa kwa wote: mwanaume anavua, mwanamke anapara, na sikumsikia mmoja wao akilijadili. Wiki za kwanza hata kupara hakukuwa kazi, maana alikuwa anarudi na mmoja, au na hadithi tu.

Jumamosi moja majira ya kuchipua nilimpasua huyo mmoja wake nikakuta tumbo limejaa krofishi, wale kamba wa matope wenye magando ambao Houston nzima huwachemsha na kuwala kwa mikono. Walikuwa wekundu, wengine hata hawajaanza kuyeyuka. Kazini nimefundishwa kuangalia kilichomo kabla hakijatupwa kwenye ndoo, kwa hiyo niliangalia.

"Baba watoto, njoo uone."

Akaja na taulo kiunoni.

"Huyu kala krofishi watupu. Wewe ulikuwa unamrushia nini?"

"Mnyoo. Wa kijani."

"Na huyu umempataje?"

Akafikiri. "Niliazima chambo cha jamaa. Chekundu."

"Ukienda baa ukaagiza nyama choma, halafu mhudumu akakuletea uji, utakunywa?"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu mafuriko. Wiki iliyofuata alirusha vyekundu tu, akivikwaruza chini kwenye mawe, na sinki likajaa.

Ndivyo ilivyoanza, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Jumamosi ile aliacha kukimbilia bafuni. Alivuta stuli ya watoto, akakaa karibu na sinki na viatu vyake vya matope, akaniangalia nikipasua. Nilikuwa namwuliza maji yalikuwa na joto gani, walisimamisha boti wapi, jua lilikuwa limetokea au la. Alikuwa ananijibu, kisha ananiuliza na yeye. Saa nzima inapita. Nesi mwenzangu aliwahi kuniuliza nampendea nini mume anayenuka vile, nikamwambia ananuka lakini anaongea.

Kufikia Aprili matumbo yakawa matupu, na mikia ya majike ikawa imechubuka chini, nyekundu. Nikamwambia huyu hali, huyu anafagia. Tukakaa tukafikiri pamoja, yeye akaenda kuuliza, akarudi na jibu: wanatengeneza viota kwenye maji ya kina kifupi, wanalinda mayai, na wakati huo hawang'ati kwa njaa bali kwa hasira. Unakitupa chambo ndani ya kiota na kukiacha hapo kimkere. "Hata mimi ningeng'ata," nikasema. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

Mei mayai yalipoanguliwa wakaanza kula tena, na matumboni tukakuta vijisamaki bapa vya miiba, mfano wa perege wachanga, na nikamwambia arushe vitu bapa karibu na magati, mahali ambapo vijisamaki hivyo hujificha. Juni tukaanza kukuta vidagaa vya fedha, vibichi kabisa kwa samaki waliovuliwa alfajiri, vimeshayeyuka kwa waliovuliwa jua likiwa juu. Maana yake walikula kabla ya jua kuchomoza, kisha wakashuka kwenye kina kupumzika. Akaanza kuondoka mapema zaidi, na jua likipanda anatafuta kina. Kila mwezi alijifunza kitu, na kila kitu alichojifunza kilipita kwanza mikononi mwangu, kwenye magazeti ya matangazo yaliyotandazwa juu ya kaunta yetu.

Nikatamani kwenda. Nilimwambia mwezi huohuo, tena kwa adabu zote, kwamba ningependa niwaone wakiwa wazima, hata mara moja.

"Boti ni ndogo," akasema.

"Kuna siku mnakwenda wawili."

"Wale jamaa wana mdomo mchafu, mama watoto. Utachoka nao."

Nafanya kazi na madaktari wa upasuaji. Hakuna tusi la lugha yoyote ambalo sijalisikia saa moja asubuhi mgonjwa akiwa ameshalala kwa dawa. Lakini nilinyamaza, kwa sababu Jumamosi zangu za jikoni nilikuwa nazo na sikutaka kuzitikisa.

Katikati ya kiangazi yule Mkenya mwenye boti alitualika kwake, nje kidogo ya mji, kwa nyama choma. Wanaume walikuwa uani kwenye moto, sisi wanawake ndani na feni. Nilikuwa natoka na sinia la sambusa nikaisikia sauti ya mume wangu. Alikuwa amesimama katikati yao, chupa ya soda mkononi, wengine wamekaa wanamsikiliza kama wanafunzi.

"Siri ni tumbo," alikuwa anasema. "Nyie mnapoteza muda na video za mtandaoni. Mimi nikifika nyumbani, hata sijaoga, nachukua kisu nampasua samaki. Naangalia kala nini. Kala krofishi, wiki ijayo narusha krofishi. Mkia umechubuka, najua yuko kwenye kiota. Tumbo halidanganyi."

"Aki huyu ni mwalimu," akasema Mkenya. "Mwalimu, wewe ndio uta-decide tunarusha nini Saturday. Sisi tuta-follow tu."

"Mwalimu!" wakaitikia wengine.

Wakati huo nilikuwa nimeshafika na sinia. Ningeweza kuliweka mezani na kurudi ndani. Wanawake wengi ninaowafahamu wangefanya hivyo, kisha wangelia bafuni. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Kisu gani, baba watoto?"

Akageuka. "Kisu?"

"Hicho unachopasulia. Mpini wake una rangi gani?"

Wakaangua kicheko. "Mwalimu ame-get caught!" Mkenya akapiga paja. Mume wangu naye akacheka, akaninyooshea kidole, akasema, "Wake zetu bwana," na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Kwao ulikuwa utani umekwisha. Lakini nilimwona shingo ilivyokakamaa.

Tulipoingia barabara kuu ndipo alipoanza.

"Ulikuwa unatafuta nini pale?"

"Kisu."

"Mbele za watu, mama watoto. Mbele za watu."

"Ungesema tu 'mke wangu.' Maneno mawili. Yangekupunguzia nini?"

Akawasha redio. Nilikuwa na hasira, lakini nilidhani ni ugomvi kama mingine yetu, wa kununiana siku mbili kisha mmoja anamwuliza mwenzake kama chai ipo.

Jumamosi iliyofuata alirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimeshatandaza magazeti.

"Hamkupata?"

"Tumepata vizuri tu. Tumerudisha."

"Mmerudisha wapi?"

"Majini. Ndiyo utaratibu. Mvuvi wa kweli hamuui besi. Anapima uzito, anapiga picha, anamwachia. Tukiwamaliza, watoto wetu watavua nini?"

Aliyasema maneno hayo akiwa anavua viatu mlangoni, kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile, kisha akapita kwenda bafuni. Nilibaki nimesimama na yale magazeti. Sina ugomvi na mtu anayerudisha samaki majini. Wenyeji wa huku wanafanya hivyo tangu zamani, na inapendeza. Lakini huyu wa kwangu alikuwa amekula besi na ndimu toka Machi, analamba vidole, na huruma ya viumbe ilimshukia wiki ileile niliyouliza habari ya kisu. Sikuhitaji mkalimani. Njia pekee ya kunitoa kwenye uvuvi wake ilikuwa kuhakikisha samaki hafiki jikoni, naye aliipata, na kila mtu akampongeza kwa ustaarabu. Kundi zima likafuata. Wake za wenzake walinipigia simu kunishukuru, eti mume wangu amewaokoa na magamba.

Stuli ilirudi chumbani kwa watoto. Samaki nikawa nawaona kwenye simu kama watu wengine, kwenye kundi la WhatsApp, wamening'inizwa kwenye mzani, na chini maoni ya vidole gumba na "Mwalimu hatari." Yeye alikuwa anakaa sebuleni na video za wavuvi wa mtandaoni, zilezile alizowakataza wenzake. Mimi nilikuwa naingia zamu. Tukarudia bima na nani anapita dukani.

Na uvuvi wake ukaanza kudorora. Kwenye picha ni samaki wadogo, kisha hakuna picha. Agosti na Septemba alikuwa akirudi anasema ni joto, ni upepo, ni boti za watu wengine. Nilijua alipaswa kuuliza nini, naye alijua ninajua. Alinisalimia kwa heshima sana kipindi hicho, kama mgeni wa hotelini.

Oktoba likafika pambano la Houston na Dallas. Wenzetu wa Dallas nao walikuwa na kundi lao, na mwaka ule wakakubaliana kukutana kwenye ziwa moja karibu na barabara ya 45, katikati ya njia, familia zote zije. Sheria zilikuwa za wazungu: samaki analetwa akiwa mzima, anapimwa, anarudishwa. Aliyekufa hahesabiwi. Lakini mashindano ya wazungu hayasimami mchana, na yetu yalisimama. Adhuhuri boti zote zilirudi ufukweni, Waislamu wakaswali kwenye nyasi, kisha watu wote wakala pilau. Wanawake tulikuwa hapo tangu asubuhi na masufuria. Tulimenya vitunguu, tukasikiliza muziki, na hakuna aliyetuuliza kama tungependa kugusa fimbo ya kuvulia.

Mchana ule Dallas walikuwa wanaongoza mbali. Mume wangu alikuja mezani kwangu wengine wakiwa kwenye foleni ya chakula. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake besi mmoja, amekufia kwenye tangi la boti. Ndiye pekee aliyempata asubuhi nzima.

Alisimama upande wangu, akiwapa wenzake mgongo.

"Mama watoto," akasema polepole. "Hebu niangalizie."

Nikamtazama. Midomo ilikuwa imekauka kwa jua. Nilikuwa na kila haki ya kumwambia achukue kile kisu chake, na neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini alikuwa amesimama karibu, ananuka ziwa, ananiuliza kitu. Tangu Julai hakuwa ameniuliza kitu. Nikasogeza vitunguu, nikamlaza samaki juu ya kipande cha boksi, nikampasua.

"Umekuwa ukirusha nini?"

"Vikubwa. Kuna jamaa kwenye video anasema vuli wanataka vikubwa."

"Angalia." Tumbo lilijaa vidagaa vidogo, vya urefu wa kiungo cha kidole, na kooni kulikuwa na nyuzi za majani mabichi. "Wote ni wadogo, na wote ni wa leo. Mmempata wapi?"

"Karibu na pale kijito kinapoingia."

"Basi mmempata njiani. Dagaa wamepanda kwenye kijito, na hawa wamewafuata. Achaneni na katikati ya ziwa. Ingieni kule ndani kwenye majani, rusheni kitu kidogo cheupe, tena msikivute haraka."

Alinisikiliza vile alivyonisikiliza Aprili, macho kwenye mikono yangu. Akaniuliza maswali mawili ya maana, nikamjibu. Kisha akafunga mfuko, akautupa pipani, akanigusa bega. Nilirudi kwenye vitunguu nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilimwambia mwanamke wa pembeni yangu kwamba Houston watashinda, akaniuliza nimejuaje.

Walishinda. Jioni boti ya mume wangu na Mkenya ilileta samaki watano, wote wazima, mmoja wao mkubwa kuliko wote wa siku ile. Watu walipiga vigelegele. Akapewa kikombe na kipaza sauti, na sisi wote tukakusanyika, wake, watoto, watu wa Dallas waliokunja sura lakini wanapiga makofi. Nilifuta mikono kwenye kanga nikasogea mbele kidogo. Nilitaka anione.

Alimshukuru Mungu. Akamshukuru Mkenya kwa boti na uvumilivu. Akawashukuru Dallas kwa ushindani. Akaeleza, kwa kirefu, jinsi mvuvi anavyopaswa kubadilika na msimu, jinsi alivyofikiri wakati wa mapumziko, akakumbuka kwamba vuli dagaa hupanda vijito. "Akili," akasema, akigusa kichwa. "Samaki ni akili." Kisha akatutazama upande wetu, akaniangalia na mimi machoni, akasema, "Na mwisho tusiwasahau akina mama kwa pilau nzuri."

Tukapigiwa makofi.

Ndani ya gari nilimsubiri. Nilijiambia labda mbele za watu kulimwia vigumu, labda tukiwa wawili atasema. Watoto walilala nyuma. Kikombe kilikuwa miguuni kwangu kwa sababu buti lilijaa masufuria. Tulipopita mji wa Huntsville, imebaki kama saa moja kufika nyumbani, nikajua hatasema.

"Umeongea vizuri," nikamwambia.

"Eti eh?" Alifurahi kweli, masikini. "Sikuwa hata nimejiandaa."

Sikugombana naye. Hasira yangu watu wanaijua, lakini siku ile haikuja, na kutokuja kwake kulinitisha kuliko kama ingekuja.

Mwaka 2019 ofisi ilimhamishia Plano, pembeni ya Dallas, tukahama. Watu wa Dallas walimpokea kama mfalme, maana sasa ni wao. Akanunua boti yake mwenyewe, iliyotumika, na Jumamosi vijana waliofika karibuni kutoka Dar na Nairobi wakawa wanakuja kwetu kufundishwa. Niliwapikia chai. Nilimsikia akiwaambia habari za krofishi wa Machi na mikia iliyochubuka, kwa mpangilio uleule niliomwambia, pamoja na ule mfano wa nyama choma na uji. Walicheka mahali palepale alipocheka yeye.

Jioni moja alikuwa gereji anafunga chambo kwenye mshipi. Boti ilikuwa yake, nafasi ilikuwepo, wenye midomo michafu walibaki Houston. Nikamwambia, "Kesho nipeleke."

Hakuinua kichwa. "Wewe hujui kuvua, mama watoto. Wewe unamjua samaki akishakufa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo baya lake. Angesema kwa hasira ningemrudishia, tungepigizana kelele, labda tungefika mahali. Alisema kama mtu anayetaja kabila langu, kisha akakata uzi kwa meno. Tena lilikuwa kweli. Niliujua mwaka mzima wa samaki yule, tumbo kwa tumbo, na sikuwahi kumshika mmoja anayepumua.

Machi ya 2020, korona ilipoingia, hospitali ikaahirisha operesheni zote zisizo za lazima, wakatupunguzia zamu. Yeye alijifungia chumbani na mikutano ya kompyuta. Mtaa wetu wa Plano una bustani yenye bwawa, na wakati ule hapakuwa na pengine pa kwenda. Nikanunua fimbo ya bei rahisi na leseni. Siku za kwanza nilinasa miti, nilinasa nyasi, nilinasa mkono wa sweta langu. Mshipi ulinifungamana nikaukata kwa mkasi wa bandeji. Watoto waliokuwa wanapita na baiskeli walinicheka kwa Kiingereza. Nilirudi wiki nzima, kisha wiki nyingine, nikaanza kutupa mbali zaidi, nikaanza kusikia kwa kidole chambo kinapogusa jiwe na kinapogusa jani. Wapi pa kutupa sikuhitaji kufundishwa. Maji yalikuwa yanapata joto, na kwenye kona yenye jua niliona duara jeupe chini, safi, limefagiliwa.

Nikatupa chekundu ndani ya duara nikakiacha kimkere.

Alikuja kwa hasira, kama nilivyojua atakuja, lakini sikujua uzito. Hakuna tumbo linaloweza kukuambia uzito ule. Fimbo ilipinda, mkono ukavutwa mpaka begani, akaruka juu ya maji akitikisa kichwa, mdomo wazi, na mimi nikapiga ukelele wa Musoma katikati ya Plano. Nikamvuta taratibu, nikapiga goti kwenye tope, nikamshika mdomo kwa kidole gumba kama nilivyoona kwenye picha za mume wangu. Mkia ulikuwa mwekundu chini. Mashavu yalikuwa yanafunguka na kujifunga. Nikamshusha majini nikamwachia, akaenda moja kwa moja kwenye kiota chake.

Nilikaa palepale kwenye tope, nalia na kucheka, na mkono ukawa umeshatoa simu mfukoni na kidole kiko juu ya jina la mume wangu. Mtu aliyeuchukua mwaka wangu akaufanya wake, akanishukuru kwa pilau, na ndiye peke yake duniani niliyetaka kumwambia. Hakuna mwingine ambaye angeelewa. Nilikaa na simu ile mpaka kioo kikazima, nikairudisha mfukoni. Kumpenda sikuwa nimeacha, na siku ile nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote aliyonifanyia.